Kanga Mbele ya Tangi

Maji ya kisima cha shangazi yangu, hapa Tanga, hayapatani na sabuni. Ukifulia, povu halitoki. Ukichemshia chai, birika linajenga ukoko mweupe ndani mpaka uukwangue kwa kisu. Mji huu umekaa karibu na mawe ya chokaa, yale yale ambayo maji yaliyala taratibu yakawa mapango ya Amboni, na kisima chake kinaonja humo humo. Majirani hununua maji ya madumu ya kupikia. Yeye huteka ya kisima, huyaacha siku mbili kwenye pipa lililofunikwa chandarua, kisha huyamimina kwenye matangi ya samaki. Kuna samaki anayeitwa moli, na moli hupenda maji magumu kama hayo, hata yenye chumvi kidogo. Kwao wengine huishi mpaka midomoni mwa mito, maji ya bahari yanapoingia. Mimi nilipoanza kufuga niliwawekea moli wangu maji ya mvua kwa sababu yalikuwa masafi na matamu mdomoni. Jike wangu wa kwanza alifia humo, tumbo likiwa limejaa watoto.

Ndiyo maana nilianza kwenda kwa shangazi jioni.

Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa anashona kofia za viua. Kazi hiyo hufanywa karibu na uso, sindano ikizunguka kitobo kidogo mara baada ya mara, na kosa la uzi mmoja huonekana kofia ikishafuliwa. Macho yalipoanza kuchoka akaacha kushona, lakini hakuacha kutazama. Leo ana matangi saba kwenye baraza ya nyuma. Samaki wake wa mapambo huenda kwenye mapokezi ya hoteli, kwenye zahanati, na kwa watoto wa shule wanaokuja na chupa tupu na noti iliyokunjwa mara nne. Wateja hutaka samaki wazuri. Shangazi anachofanya hasa, mchana na usiku, ni kuwasimamia majike wanaojifungua.

Wapo watu wanaoshangaa kusikia kwamba samaki anazaa. Mvuvi wa pwani hashangai. Aliyewahi kupasua papa jike au taa anajua kwamba watoto huweza kukutwa ndani wamekamilika mapezi na macho. Na hapa Tanga tunaye silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani alitoweka zama za dinosaria, mpaka alipoibuka kwenye nyavu za Afrika Kusini mwaka 1938. Kwa miaka mingi walibishana kama anataga au anazaa. Mwaka 1975 walimpasua jike mmoja aliyetoka Komoro na kuhifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini New York, wakamkuta na watoto watano tumboni, ubishi ukaisha. Miaka ya mwanzo ya 2000 nyavu za jarife zikaanza kumtoa hapa kwetu, na tangu 2009 kuna hifadhi ya bahari yenye jina lake.

Samaki wa shangazi ni wageni, na ni wadogo. Gapi, plati, moli na mkia-upanga ni wa ukoo mmoja, na kwao ni Meksiko, Amerika ya Kati, visiwa vya Karibi na kaskazini ya Amerika Kusini. Gapi amebeba jina la Robert John Lechmere Guppy wa Trinidad, aliyepeleka vielelezo Uingereza katika karne ya 19, ingawa Mjerumani Wilhelm Peters alikwisha kumweleza kitaalamu tangu 1859 kutokana na samaki wa Venezuela. Kwa kuwa anakula viluwiluwi vya mbu, watu walimbeba wakamsambaza karibu kila nchi yenye joto.

Dume la ukoo huu halimwagi mbegu majini. Pezi lake la chini, nyuma ya tumbo, limerefuka na kukazana kama sindano, na kwa hilo humtia jike mimba. Jike huweza kutunza mbegu mwilini kwa miezi, akazaa mara kadhaa bila kumwona dume tena. Mayai hurutubishwa ndani ya ovari yenyewe, kila yai na kiini chake cha njano, na mtoto hukua amejikunja kama kidole kilichofumbatwa, mkia ukikaribia jicho. Siku zikitimia, vifuko hupasuka, watoto hushuka mmoja mmoja. Gapi huchukua wiki nne hivi, maji yakiwa na joto la nyuzi 25 au 26. Moli huweza kwenda wiki sita au zaidi, na maji yakipoa kila mimba huchelewa.

Hayo yote nilikwisha kuyajua kabla ya moli wangu kufa. Nilichokuwa sijui ni kutazama.

Kwa gapi na plati wenye rangi nyepesi kazi ni rahisi kiasi: karibu na njia ya uzazi kuna doa la pembetatu linalokolea kadiri mimba inavyokua, na siku za mwisho macho ya watoto huonekana kupitia ngozi kama nukta za wanja. Lakini samaki anaompenda shangazi kuliko wote ni moli mweusi, na moli mweusi hana doa linaloonekana. Yeye mzima ni doa. Kwake hakuna la kusoma isipokuwa umbo na mwenendo. Shangazi huinama akamtazama kwa ubavu. Tumbo la mimba changa ni la mviringo. Likikaribia kuzaa, sehemu ya mbele hushuka wima chini ya kifua, tumbo likapata pembe, kama gunia lililowekwa chini likajipanga. Kisha humtazama kutoka juu. Kisha hukaa. Anataka kujua kama samaki amejitenga, kama ameacha kula, kama anarudia kona ile ile. Huweza kukaa hivyo saa nzima bila neno. Kiswahili kina neno moja, mkunga, kwa mama anayezalisha na kwa yule samaki mrefu anayeishi kwenye mashimo ya miamba, mwili ndani na macho nje. Sijui kama kuna anayestahili neno hilo kwa maana zote mbili kuliko yeye.

Ana daftari. Zamani aliandika humo vipimo vya vichwa vya wateja wa kofia; kurasa za nyuma zina tarehe za samaki. Siku jike alipozaa, idadi, waliokufa, joto la maji, hali ya hewa. Jike akizaa mara tatu, shangazi anajua mwendo wake, na siku ya kuchelewa anaiona kabla samaki hajaanza kuteseka.

Usiku ninaotaka kuueleza ulikuwa wa mwezi wa saba, kusi likivuma, umeme umekatika tangu magharibi. Moli mkubwa, mimba yake ya nne, alikuwa ameanza kuzaa kabla ya saa moja. Tulimulika kwa taa ya kuchaji iliyofunikwa karatasi. Jike alikuwa nyuma ya majani, akitetemeka kidogo, kisha kitu kama uzi mweusi kilidondoka chini yake, kikazama vidole viwili, kikajikunjua, kikakimbilia mizizini. Kifaranga. Baada yake wakaja wengine wanane. Halafu ikawa kimya. Tumbo lilikuwa bado zito, na chini ya pezi ilionekana ncha ya mkia mdogo usioingia wala kutoka.

Nilichukua kimia.

"Mwanangu, weka hicho chini."

"Amekwama, shangazi. Atakufa."

"Anapumua vipi?"

Sikuwa nimetazama. Akaniambia nihesabu mapigo ya shavu lake kwa saa ya ukutani. Nilipomaliza nikamtajia idadi, akaitikia kwa kichwa, na bado hakumgusa samaki. Alilaza kiganja cha mkono kwenye kioo, akatia kipimajoto. Nyuzi 22. Matangi yale mengine, yaliyo ndani zaidi, yalikuwa na 25. Hili lilikuwa chini ya dirisha la kusini.

Sasa akafanya kazi. Alizima taa. Alichukua kanga, imechakaa mpaka jina lake limefutika, akaitundika mbele ya kioo ili samaki asituone. Alijaza chupa mbili maji ya vuguvugu kutoka jikoni, akaziziba, akazielesha tangini mbali na jike, na kila zilipopoa akazibadilisha moja moja, si mbili kwa pamoja, joto lipande nyuzi moja kwa saa na si zaidi. Pampu ya hewa ilikuwa imezimika pamoja na umeme, kwa hiyo kila baada ya dakika chache alichota maji ya tangi kwa kata na kuyarudisha taratibu kutoka juu kidogo, pembeni, yaingie na hewa. Alibadilisha ndoo ndogo moja ya maji kwa maji ya pipa aliyokwisha kuyapasha sawa. Baada ya hapo akavuta kigoda.

Nilitaka sana afanye jambo jingine. Leo naelewa kwamba yote yaliyohitajika yalikuwa yamefanyika ndani ya robo saa ile, na mengine yalifanyika wiki sita kabla: maji magumu, majike watatu kwa kila dume ili jike asikimbizwe mpaka kuchoka, nyuzi za wavu chakavu alizofumua na kuzielesha ziwe kichaka cha kujificha. Jike aliyetulia humudu sehemu kubwa ya kazi mwenyewe. Jike aliyeshtuka huifunga.

Hapo ndipo aliponieleza kuhusu kisanduku. Madukani huuzwa visanduku vya plastiki vya kuzalia, jike huwekwa ndani, watoto hupenya tundu za chini ili mama asiwale. Ni kweli mama huwala. Akimaliza kuzaa ana njaa na hawajui kuwa ni wake. Lakini samaki mzito ukimhamisha siku ya mwisho, ukamtia kwenye chumba kinachotosha urefu wake mara mbili, atagonga kuta usiku kucha na uchungu utakatika. Wengine hutoa watoto kabla ya wakati. Mimi nilikuwa nimefanya vyote viwili kwa siku moja, kisanduku na maji ya mvua. Shangazi hakusema kitu juu ya hilo, alinipa kata niendelee kuchota.

Aliwahi kubana tumbo la samaki, zamani. Alisimulia bila kupunguza. Jike alikuwa amekwama kama huyu, naye kwa huruma akamshika kwa vidole vilivyolowa akamkamua mbele kwenda nyuma, kama alivyoona watu wakikamua mayai ya kambare. Alitoka mtoto mmoja, mfu, na nyuma yake ikatoka nyama nyekundu ya ndani ambayo haikurudi tena. Kambare anayekamuliwa ana mayai yaliyokwisha kuachana na mwili. Huyu watoto wake bado wamo kwenye vifuko, na vidole haviwezi kujua kipi kimepasuka na kipi bado. Tangu siku hiyo, alisema, mkono wake hauingii majini jike akiwa hai.

Kinachoingia ni macho, na macho hayo husoma hata sakafu ya tangi. Asubuhi baada ya uzazi hunyonya uchafu wa chini kwa mpira mwembamba, akaumimina kwenye sahani nyeupe na kuupekua kwa unyoya wa kuku. Mayai ya njano matupu, kama punje za mtama, ni yale ambayo hayakupata mbegu. Yai lenye nukta mbili nyeusi ni mtoto aliyesimama katikati ya safari. Akiyaona mengi hurudi kwenye daftari kutafuta siku maji yalipobadilishwa kwa pupa, au siku dume jipya lilipoingizwa. Kifaranga aliyezaliwa na mfuko wa kiini bado umening'inia tumboni amewahi mno, lakini hakatiwi tamaa: huwekwa peke yake kwenye bakuli la maji yale yale, kina cha vidole vitatu, bila chakula mpaka kiini kiishe. Baadhi huishi. Huwatazama hao kuliko wote.

Wateja humletea majike waliovimba wakisema wana mimba. Huwatazama kutoka juu. Magamba yakiwa yamelala, sawa. Yakiwa yamesimama kama ganda la nanasi, hayo ni maji yaliyojaa mwilini, ugonjwa, na hakuna mtoto humo. Nimemwona akimwambia hivyo kijana mmoja aliyekuja na ndoo na furaha yote, akamwambia polepole, akampa gapi wawili wa bure aondoke nao. Wapo pia wanaotaka jike "anayezaa sana." Huwauliza wana nafasi gani. Nimewahi kusoma kuhusu mito ya Trinidad, ambako watafiti John Endler na David Reznick walilinganisha gapi wanaoishi na samaki wakubwa wanaowala na wale wa vijito vya juu kusiko na hatari hiyo: wa chini hukomaa mapema na huzaa watoto wengi wadogo, wa juu huzaa wachache walio wakubwa. Nilimsimulia. Alifikiri kidogo akasema kwamba hata yeye, akiwaacha bila kuwabughudhi, huona watoto wakija wachache na wenye nguvu. Sikudai kwamba ni jambo lile lile. Nilifurahi kwamba alikuwa amehesabu.

Na wembe. Nilikuwa nimeuona kwenye kopo la sindano nikadhani ni wa kukatia nyuzi. Ni wa nyuzi kweli. Lakini jike akifa katikati ya uzazi, shavu likasimama na jicho likalala, kuna muda mfupi ambapo watoto waliokamilika bado wako hai ndani. Humlaza kwenye sahani yenye maji ya tangi, akaanzia kwenye njia ya uzazi kwenda mbele kwa mkato wa juu juu, ngozi tu, ule ule mkono uliokuwa ukifumua uzi mmoja bila kugusa wa pili. Vifuko humwagika. Walio wachanga hubaki mipira ya njano. Waliokamilika hukaa wamejikunja kwa pumzi kadhaa, kisha mmoja hujinyoosha. Aliniambia kwamba mara ya kwanza walijinyoosha kumi na mmoja, na kwamba alilia, kisha akaenda kusaga kiini cha yai cha kuwalisha.

Yai la kuchemsha, kiini chake kikikamuliwa kwenye kitambaa, kidogo mno, kwa maana kikizidi maji huoza kabla ya jua kutua. Siku zinazofuata ni unga wa dagaa, aliotwanga na kuupeta mara mbili.

Saa nane usiku kipimajoto kilisoma 25. Alifunua ukingo wa kanga kwa kidole kimoja. Mkia ule ulikuwa bado pale. Alisema pumzi zimepungua, na mimi nilipohesabu kwa saa zilikuwa zimepungua kweli, na sikujua aliziona vipi gizani. Akafunika.

Muda mfupi kabla ya alfajiri tulisikia, au nadhani nilisikia, mpigo mdogo wa maji. Aliinuka kwa uzito, magoti yake si mazuri, akafunua kanga. Yule aliyekwama alikuwa chini, mweupe, mfu. Alikuwa amekufa tangu jioni, akiwa ameziba njia. Na sasa njia ilikuwa wazi. Jike alijikaza, akatetemeka mwili mzima, na watoto wakaanza kushuka wawili wawili, wakizama, wakijikunjua, wakipotea kwenye nyuzi za wavu. Shangazi aliswali pale pale barazani nikiendelea kuwahesabu kwa ajili yake. Nilipofika ishirini walinichanganya, nikaanza tena.

Jua lilipopanda jike alikuwa mwembamba, mapezi yamebanwa, akielea karibu na majani. Shangazi hakumwacha na madume, kwa sababu siku za mara tu baada ya kuzaa ndizo wanazomfuata zaidi na ndizo anazohitaji kupumzika. Alimwongoza kwa bakuli, bila kimia, mpaka kwenye beseni pana la maji yale yale na kichaka kidogo ndani. Alimpa viluwiluwi vichache. Alikula kimoja.

Daftarini aliandika: moli mkubwa, mara ya nne, hai 38, wafu 3, kiini 1, nyuzi 22, kusi. Alipiga mstari chini ya 22. Kisha akakamua pindo la kanga lililolowa, akaniita nimshikie upande mmoja wa meza, tukaisogeza pamoja na tangi lake, robo hatua kwa wakati ili maji yasiyumbe, mpaka tulipolitoa chini ya dirisha.